Senti za Jamaika

Jana nimesoma kwenye simu kwamba Jamaika senti hazitumiki tena, siku hizi sarafu zao zinaanzia dola moja. Nimecheka peke yangu. Senti hizo, rafiki yangu, zilinitoa jasho nikiwa darasa la tano.

Tulikuwa tunakaa Azaiba, mtaa wa Maskati huko Omani, nyumba ya bibi. Abla, mwalimu wetu, alimpa kila mtoto nchi moja aelezee pesa yake, na atakayeelezea vizuri ndiye atakayesimama mbele ya wazazi. Nafasi ile niliitaka kuliko nguo ya sikukuu. Nikapewa Jamaika.

Alasiri bibi alikuwa jikoni anachoma vitumbua, nyumba nzima inanukia iliki. Nikamsomea mbio mbio: zamani walikuwa na pauni, shilingi na peni, kisha mwaka 1969 wakaanza dola, pauni moja ikawa dola mbili.

"Na dola moja ni senti elfu," nikamaliza.

"Mia," akasema bibi.

"Elfu, bibi! Riyali si baisa elfu?"

"Hiyo ya hapa. Mie nnakwambia, kwetu Unguja shilingi ilikuwa senti mia, na dola vivyo hivyo. Hebu tazama kitabuni."

"Khalas, basi bibi, najua!"

"Haya, bingwa. Mwenye pupa hadiriki kula tamu."

Sikutazama. Sisi watoto wa Maskati, pesa ni elfu, basi.

Asubuhi nikasimama kifua mbele, nikasema elfu. Binti wa jirani, aliyepewa Barbados, akaangua kicheko. "Elfu! Weye ukenda kununua pipi utachukua pikapu!" Darasa zima likacheka, hata abla. Nafasi ikaenda kwa binti wa jirani, na kwa kweli alistahiki.

Nilirudi nyumbani nimenuna. Bibi aliniangalia tu, akajua. Hakusema "si nilikwambia." Akazima jiko, akavuta kigoda, akakaa kitako, akajitanda kanga vizuri kama mtu aliyealikwa.

"Mie ndo wazazi wote," akasema. "Soma. Taratibu."

Nikasoma yote, pauni mpaka dola, na senti mia. Alipiga makofi mpaka nikacheka.

Bibi hayupo tena, na nyumba ile wamepanga watu wengine. Mimi nimeshasimama mbele za watu wengi, na siogopi. Lakini wote wale husikiliza huku wanatazama saa. Aliyenizimia jiko alikuwa mmoja tu.