Matundu katika kastadi ya Lazarus

Hana oveni. Hana friji, hana mizani, wala hana vile vikombe vyeupe vya udongo ambavyo Madam wake wa zamani alivitoa kabatini siku za wageni. Kipima joto hana, anatumia kidole. Meza yake ni ubao uliolazwa juu ya ndoo mbili. Na kwa miaka kumi na mmoja, anasema, Lazarus Wesonga alikosa pia kitu kisichouzwa dukani: uso wa kumtazama Wamucii.

Ni Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, mtaa wa Langas mjini Eldoret. Mpishi huyu wa miaka sitini na mitatu amechutama mbele ya jiko la makaa, akikoroga mayai kwa uma. Hakorogi kwa nguvu.

"Ukitaka povu, nenda ukafue nguo," anasema, macho yakiwa bakulini. "Kastadi haitaki povu."

Anaongeza maziwa ya vuguvugu na sukari, anachuja kwa kitambaa, kisha anamimina katika vikombe vya bati. Anavipanga ndani ya sufuria yenye maji yanayofika nusu ya vikombe. Kifuniko amekizungushia taulo ili matone ya mvuke yasidondoke. Halafu anachota majivu na kuyafunika makaa.

"Maji yasichemke, yatetemeke tu. Yakichemka, kastadi inajaa matundu. Hapo hakuna kuficha. Mwenye macho ataona mpishi hakuwa jikoni."

Analijua hilo vizuri. Mwaka 2014, yeye hakuwa jikoni.

Wakati huo alipikia nyumba moja kubwa katika mtaa wa kitajiri wa Elgon View, kwa Madam Marion. Siku hiyo walikuja wageni kumposa binti wa nyumba. Lazarus aliweka kastadi motoni, akatoka mara moja hadi getini kubishana na mlinzi habari za mpira. Mara moja ikawa nusu saa. Aliporudi, kifuniko kilikuwa kinarukaruka, na kastadi imekuwa kama sifongo.

Madam aliingia, akatazama. "Nani alikuwa anaangalia hii kitu?"

"Ni Wamucii, Madam," Lazarus akajibu.

Wamucii, mfanyakazi wa nyumba kutoka Burnt Forest, alikuwa uani akipiga pasi vitambaa vya meza. Jioni hiyohiyo alifungashwa virago. Hakupewa barua ya kumsifia kazi, na Elgon View hakuna anayekufungulia geti bila barua ya mwajiri wako wa mwisho. Tangu hapo amekuwa akilima viazi vya watu kwa kibarua.

"Nilijiambia nitasema kesho," Lazarus anasimulia. "Kesho ikafika, nikapika chai, nikanyamaza. Nilikuwa na watoto watatu shuleni. Lakini yeye naye alikuwa na mama mgonjwa, na mimi nilijua."

Alistaafu mwaka 2019, akaanza kuuza kastadi, shilingi themanini kikombe. Mteja wake mkubwa ni Madam Marion yuleyule. Kila Jumapili huchukua vikombe ishirini, karibu nusu ya anachouza kwa wiki nzima.

Mwezi uliopita alikwenda soko la Burnt Forest kutafuta mayai ya bei nafuu. Akakutana na Wamucii ana kwa ana, jembe begani. Lazarus akavua kofia, akaanza kuomba msamaha palepale.

"Mzee Wesonga, vaa kofia yako, jua ni kali," Wamucii alimkatiza. "Hiyo pole yako nitaipeleka wapi? Uongo ulimwambia Madam. Ukweli pia mwambie yeye. Na uandike."

"Na akiacha kununua kwangu?"

"Mimi niliachwa na nini?"

Barua hiyo ilimchukua wiki tatu na kurasa nyingi zilizochanwa.

Saa mbili, Betty, anayefanya kazi kwa Madam Marion siku hizi, anapiga hodi na kikapu chake.

"Mzee Lazarus, bado? Madam ameanza kununa hata kabla ya kanisa!"

"Ngoja, binti yangu. Kuna kitu kingine utabeba."

Betty anaona bahasha, anaangua kicheko. "Haki, Mzee! Umri huu bado unaandika barua za mapenzi?"

"Ingekuwa ya mapenzi ningeipaka marashi," anajibu, lakini hacheki.

Anaisoma mara ya mwisho, midomo ikicheza. "Madam, siku ile Wamucii hakuwa jikoni. Mimi ndiye niliyeuacha moto." Mwishoni anamwomba Madam amwandikie Wamucii ile barua ya kumsifia kazi.

"Natamani arudi jikoni mgongo wake ungali mzima," anasema. "Mimi nitatafuta wateja wengine." Kisha anamgeukia Betty. "Jumapili ijayo labda hutatumwa huku."

"Kwani nimefanya nini?"

"Wewe hujafanya kitu."

Gundi ya bahasha imekauka. Lazarus anachovya kidole katika ute uliobaki ndani ya ganda la yai, anaupaka ukingoni, anakandamiza kwa kiganja mpaka bahasha inashika. Anaiweka juu ya vikombe, anaifunika kwa kitambaa kikavu, na Betty anashika njia ya Elgon View.