Ukucha wa Marisel

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa hata mkasi mmoja safi. Nilisimamishwa kwenye mstari pamoja na wanawake saba, na Msimamizi Mkuu, bibi mmoja wa Kipemba asiyekuwa na haja ya kupandisha sauti, akasema, "Nyoosheni mikono." Tukanyoosha. Akapita akitazama kucha moja moja kama mtu anayechagua mchele. Alipofika kwangu akasimama. Nilikuwa bi harusi wa siku tisa, na hina yangu ilikuwa bado imekoza.

"Nani kakwambia uje kazini hivi?"

"Mie bi harusi, bibi," nikasema, na wenzangu wakacheka.

"Hongera. Nenda upande wa uchafu mpaka ikutoke."

Ndivyo nilivyoanza kazi katika spitali moja hapa Maskati, mie niliyezaliwa Unguja nikaletwa huku na wazee wangu ningali mdogo. Nyinyi vijana mkisikia mtu kafanya kazi spitali mnauliza, daktari au nesi? Mie si daktari wala si nesi. Kazi yangu ilikuwa kuvitakasa vyombo vya upasuaji, na kama umewahi kupasuliwa ukapona bila ya kidonda kuoza, mshukuru Mungu, kisha utushukuru na sisi.

Chumba chetu kiligawiwa kwa ukuta. Upande wa uchafu ndiko vyombo vilikoletwa kutoka thieta, chumba cha upasuaji, na damu yake, tukavisugua kwa brashi. Ndani ya ukuta zilikuwamo mashine za kuoshea zenye milango miwili: chombo kinaingia huku kichafu, kinatokea kule kisafi, lakini mtu hapiti. Upande wa usafi ndiko tulikokikagua kila chombo, tukavipanga kwenye sinia, tukafunga sinia kwa vitambaa viwili na kuibandika tepu. Hapo tena sinia huingizwa katika jiko la mvuke. Tepu ile ina mistari iliyopauka, na mvuke ukiifikia, mistari hugeuka myeusi. Na juu ya kila tepu, aliyefunga huandika jina lake. Sinia ikija kuonekana na kasoro, hakuna wa kusema "si mimi".

Msimamizi Mkuu alipostaafu nikakikalia kiti chake, na sheria yake ya mikono nikaichukua kama ilivyo. Rangi ya kucha, hina, piko nyeusi ya maharusi, chochote kilichopakwa: upande wa uchafu. Sikukuu ndiyo ilikuwa balaa. Wasichana wa watu wanakuja wamependeza, nami nnawapeleka kusugua damu wiki mbili, wengine machozi yakiwatoka. Nyuma ya mgongo wangu wakiniita Bi Kucha. Nilijua, na wallahi nikijivuna.

Marisel aliletwa kwangu kutoka Ufilipino, mfupi, mwepesi wa mikono, na mdomo wake haujui kupumzika. Nusu ya wafanyakazi wangu walikuwa wenzangu wa asili ya Unguja na Pemba, na Kiswahili ndicho kilichotawala pale, kimechanganyika na Kiarabu na Kiingereza. Marisel hakufundishwa na mtu. Alisikiliza tu, na mwaka wa pili ukimwangushia kitu anasema "Loo, masikini!" mahali pake khasa. Alifunga sinia ya upasuaji wa mifupa, yenye vyombo vingi kupita zote, haraka kuliko mimi, na sikuwahi kumkuta na kosa.

Wakati wa chai ndio alikuwa akituhadithia ya kwao. Mamake alikuwa mwalimu wa skuli, na siku ya kura darasa lake hugeuzwa kituo, naye hukaa na sanduku tangu asubuhi mpaka kura ya mwisho ihesabiwe, hata haja ndogo akiizuia.

"Wakubwa wetu wakiomba kura huja na mchele na muziki," Marisel alisema. "Wanaimba, wanacheza, wakishapita huwaoni tena. Na sisi tunalalamika, eeh! Lakini Bi Zuwena, nani aliyekuwa anapiga makofi? Si sisi?"

"Hata weye?"

"Hata mimi. Niliupokea mchele nikaupeleka nyumbani, nikidhani mama atafurahi. Akaupika, tukala. Ulipokwisha akaniuliza, 'Umetutosha siku ngapi?' Nikasema tano. Akasema, 'Na yule bwana atakaa miaka mingapi?'"

Mie nikamtania. Nikamwambia, nchi yenu visiwa maelfu, watu chungu nzima, na weye umekaa huku Maskati. Kura yako moja itafanya nini?

Akaniangalia kama aliyeulizwa swali la kitoto. "Kwani wewe sinia zako ngapi? Kwa nini unaandika jina kwenye kila moja?"

"Ikiharibika tujue nani kaifunga."

"Basi na mimi nchi ikiharibika, nataka nijue nilifanya nini."

"Lakini kura ni siri, mwanangu."

"Siri kwa watu. Kwangu mimi si siri."

Nilicheka, nikamaliza chai yangu. Sikujua kama maneno yale yatakuja kunichoma.

Mwaka ule uchaguzi mkuu wa kwao ulipofika, hapa kwetu nafasi ya naibu wangu ilikuwa wazi. Kila mtu alijua ya nani. Marisel alikuwa ameisubiri miaka kenda, na huko kwao mamake, sasa mzee, alikuwa ameshawatangazia majirani. Wakaguzi watakuja Jumapili moja, watawatazama wanaoomba nafasi wakifunga sinia upande wa usafi, kisha watachagua. Kura za Wafilipino nazo zilikuwa zinapigwa ubalozini kwao hapa Maskati, na Marisel akaniomba Ijumaa ya kwanza. Nikamnyima, orodha ya thieta ilikuwa ndefu. Akaniomba ya pili. Nikamnyima tena, na nikaongeza neno ambalo mpaka leo nnaona haya: "Nchi haitaanguka kwa ajili yako." Ikabakia siku yake pekee ya mapumziko iliyoangukia wakati wa kura, Jumamosi, siku ya mwisho ya kura na siku moja kabla ya wakaguzi. Akaenda.

Jumapili asubuhi nikasema, "Nyoosheni mikono." Nilipofika kwa Marisel nikaona kucha kenda safi, na ukucha wa kidole cha shahada mweusi tii. Kwao aliyepiga kura hutiwa wino usiotoka, asije akarudi kupiga mara ya pili. Hausuguliki wala hauoshiki, unasubiri ukucha ukue.

Mstari mzima ukanitazama. Walikuwapo wasichana niliowaliza kwa hina ya Iddi. Nikajiambia, leo nikimwachia kipenzi changu, kesho mtu gani ataniheshimu?

"Ulijua?" nikamuuliza kwa sauti ndogo.

"Nilijua, Bi Zuwena."

"Basi kwa nini, Marisel?"

"Mama yangu alikaa na sanduku mpaka mwisho," akasema. "Mimi nishindwe kusimama kwenye foleni?"

Nikamwonyesha mlango wa upande wa uchafu. Akaingia, akachukua brashi. Wakaguzi wakaja, wakawatazama walioko, wakamchagua mwengine, mtu mzuri, sina la kumsema. Siku chache baadaye matokeo ya kwao yakatoka, na yule aliyempigia Marisel akashindwa. Nikamkuta kwenye sinki, brashi mkononi.

"Masikini weye," nikamwambia. "Umekosa yote mawili."

Hapo kwa mara ya kwanza nikamwona kakasirika. "Kura sikuikosa! Niliipiga. Kushindwa si kukosa." Akarudi kusugua, na maji yakanirukia na mie.

Neno lile halikunitoka. Wiki ile nikapanda ghorofa ya juu kwa Daktari wa Maambukizo, ambaye kazi yake ni kuangalia ugonjwa usienezwe ndani ya spitali, nikamuuliza swali ambalo miaka yote sikuwahi kumuuliza mtu: wino ule una dhara gani?

Akashangaa. "Dhara gani tena? Rangi ya kucha ya chupa ndiyo mbaya, inabanduka vipande vipande na vijidudu vinajificha chini yake. Wino umeingia ndani ya ukucha, haubanduki. Mtu anaosha mikono, anavaa glavu, anafanya kazi."

"Na hina?"

"Ikishakauka na kuoshwa, hina ni kama wino, na piko vile vile. Nani kakwambia hina hairuhusiwi?"

Nani aliniambia? Msimamizi Mkuu. Na yeye aliambiwa na nani? Sijui, maana sikumuuliza. Nilishuka ngazi nikiwakumbuka wasichana wangu wote wa sikukuu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo; methali nimeijua tangu chuo cha Kurani, na bado nimekaa mjinga kwenye kiti cha ukubwa.

Nikaenda kwa Mkurugenzi wa Spitali nikakiri yote, na nikaomba wakaguzi warudi. Alikuwa mtu mpole. "Bi Zuwena, kosa lako umelisema, na hilo nnaliheshimu," alisema. "Lakini yule aliyechaguliwa hana kosa. Siwezi kumvua." Maji yakimwagika hayazoleki.

Sheria ya hina, piko na wino nikaifuta, kisha nikamwita Marisel nikamwomba radhi mbele ya wote, maana nilimwadhibu mbele ya wote. Nilidhani atalia au atanitukana. Badala yake akasema, "Mimi nilihisi wino ule hauna neno. Niliwahi kusoma. Nikanyamaza, kwa sababu wewe mkubwa." Akautazama ukucha wake. "Hivi ndivyo na kwetu tunavyoharibu, Bi Zuwena. Mkubwa haulizi, mdogo hasemi. Halafu tunasubiri uchaguzi ututengenezee."

"Nikulipe nini, mwanangu?"

"Kila asubuhi ukishatazama mikono, uliza nani ana neno. Na usubiri. Usiondoke haraka."

Wiki ya kwanza niliuliza na kusimama pale kama mwizi, hakuna aliyefungua mdomo. Wiki ya pili, msichana mmoja mkimya kuliko wote akasema kwamba brashi za mirija nyembamba zimekwisha manyoya na ndani ya mirija damu inabakia. Zimekuwa hivyo tangu lini? Miezi. Kwa nini hukusema? "Hukuuliza." Tukazitupa zote siku ile ile. Tangu siku ile mpaka nnastaafu nimeuliza kila asubuhi, na mara nyingine niliyoyasikia yalinikera, lakini niliyasikia.

Nyinyi mnaoshika kazi leo, mkipewa kiti msikitazame kwanza kiti. Watazameni waliosimama kwenye mstari, na mjiulize wanajua nini ambacho hawajakwambieni. Mie nilichelewa, na kuchelewa kwangu kulilipwa na mtu mwengine. Marisel mpaka leo ni mfungaji tu wa sinia. Unaibu haukumrudia, na mwakani anarudi kwao moja kwa moja.

Uchaguzi wao wa karibuni alikuja kwangu Darsait, mtaa wetu hapa Maskati, siku yake ya mapumziko, akanikuta nnasaga kungumanga. Siku hizi wanapiga kura kwa simu. Akakaa mezani, akaikinga simu kwa kiganja nisione, nami kwa heshima nikageukia ukutani. Alichukua muda mrefu, anasoma majina mdomo ukicheza.

"Tayari," akasema. Kisha akakitazama kidole chake, na uso ukamshuka. "Lakini hamna wino. Kama sijafanya kitu."

Nikanyanyuka nikaenda chumbani. Nilikuwa na piko iliyobakia harusini kwa mjukuu wangu. Nikaikoroga kwenye kisahani, nikakaa mbele yake.

"Nyoosha mkono," nikamwambia.

Akanyoosha. Nikampaka ukucha wa kidole cha shahada, taratibu, mpaka ukaenea wote. Yeye akacheka, na mie machozi yalikuwa yananitoka, nikayaacha.

"Kesho una zamu?"

"Nnayo. Upande wa usafi."

"Na wakikuuliza hii nini?"

Akaupuliza ukucha ukauke. "Ndicho nnachotaka," alisema. "Waniulize."