Chini ya Barabara, si Chini ya Ardhi

Nyumba ya jirani yangu hapa kilimani Ilemela, juu ya ziwa, itabomolewa kupisha barabara, na fidia itafuata vipimo na aina ya vyumba. Juzi mthamini alisimama barabarani, akapima vyumba vya juu, kisha vile vilivyo chini, kwenye mteremko, akaviandikia neno moja: "Stoo."

"Stoo?" mama mwenye nyumba akashangaa. "Mwanangu, humo nimelelea watoto wanne!"

"Samahani mama, viko chini ya ardhi."

"Chini ya ardhi ni kaburini, baba. Mimi naishi chini ya barabara. Hebu shuka uone."

Akashuka ngazi za mawe, akafungua dirisha, ziwa lote likamtazama usoni. Akacheka, akafuta "stoo", akaanza kupima upya.

Wataalamu wa kupanda tunao tele. Huyu alikubali kushuka, nami namshukuru.