Bega la Kashata

Sikuzani, mshona kofia wa Kanyenye, ni jirani yangu, na kwa ubishi hana mpinzani mtaani kwetu. Mumewe alipofariki alimwachia nyumba na paka wa kahawia aitwaye Kashata. Paka huyo ndiye anayezungumza naye tangu asubuhi, na ole wako umkanyage mkia.

Siku moja Kashata aligongwa na bodaboda, akarudi nyumbani mguu wa mbele wa kushoto ukining'inia. Sikuzani akamfunga kwenye khanga, nikamsindikiza hadi Gongoni kwa Festo, daktari wa mifugo. Festo ni Mgogo, na sisi Wanyamwezi ni watani wao tangu babu zetu walipopita kwao na mizigo mabegani wakielekea pwani. Kwa hiyo tangu afike Tabora hajawahi kumsalimia Sikuzani vizuri, wala Sikuzani hajawahi kumjibu vizuri.

Festo akampapasa paka, akasema bega limechomoka na kano zimekatika. Akilirudisha kwa mkono litatoka tena. Inabidi ampasue kesho yake, atoboe mfupa, alifunge kwa uzi, la sivyo mfupa utasagika na mguu utapotea. Halafu, labda kwa kumwona mama wa watu anatetemeka, akaongeza: "Wapagazi nyie, hata paka mmemrithisha mabega mabovu."

Kosa likaanzia hapo. Sikuzani alicheka mpaka akajifuta machozi. Njiani akaniambia Mgogo yule ana maneno, eti kumtoboa paka mfupa kama mbao! Nikamwambia nadhani lile la mwisho tu ndilo lilikuwa utani. Akaniuliza nimejuaje, na kusema kweli sikuwa na jibu, maana sura ya Festo haikubadilika hata kidogo. Basi akawa anamkanda paka kwa maji ya chumvi. Festo alipotuma mtu kuuliza mbona haji, Sikuzani alimrudishia matusi ya utani.

Juma la pili Kashata akaacha kula. Tukarudi. Festo akaligusa bega, kisha akainamisha kichwa.

"Shikamoo, mama."

Sikuzani alisahau hata kuitikia. Alinitazama mimi, akamtazama yeye, hajui acheke au aogope. Festo akaeleza taratibu kwamba bega limeshaoza. Paka anaweza kupona, mguu hapana.

Tulingoja barazani wakati Festo akiukata. Nilikuwa na hasira na sijui nilimkasirikia nani, Festo, Sikuzani, au mimi mwenyewe niliyeshindwa kujibu swali dogo.

Festo alipotoka na kifurushi cha khanga, Sikuzani alinyoosha mikono. "Nitanie kwanza, Festo," akasema. "Niite mpagazi."

Festo akamsogezea kifurushi. "Anahema vizuri, mama."

Sikuzani akampokea, akapitisha mkono chini ya khanga, upande wa kushoto, akilitafuta bega. Alikuwa bado analitafuta tulipofika nyumbani.