Jino la Mheshimiwa

Wivu ni kidonda, na Mama Glovu alikuwa akikiuguza mwaka mzima. Miaka ishirini na mbili alikuwa fundi wa maabara ya vinasaba pale chuoni, mkali wa usafi hata wenzake wakambandika jina hilo. Ndiye aliyemfundisha kijana mmoja, sasa wote humwita Daktari, kushika pipeti, kile kibomba cha kupimia matone. Leo kijana huyo huyo, ati awe mkuu wa idara!

Na kwa lipi? Kwa jino moja la kale. Daktari alilipima vinasaba, akatangaza kwamba wenyeji wa kwanza wa nchi walikuwa watu wa kabila la waziri. Weee! Waziri alichekelea mpaka gego la mwisho, akaahidi kuja mwenyewe Ijumaa kumkabidhi cheo. Wasomi waliobisha waliambiwa wafunge midomo.

"Lazima kuna uchafu humo," Mama Glovu alimwambia mfagiaji. "Nitamuumbua!"

Katika maabara ile kila mfanyakazi hutoa mate yake, na vinasaba vyake huwekwa kwenye orodha, ili vikiingia kwenye kipimo kwa bahati mbaya vitambulike. Daktari, kwa pupa ya cheo, hakuigusa orodha. Alhamisi Mama Glovu akalinganisha majibu ya jino na orodha hiyo, huku akiomba litoke jina la Daktari. Likatoka lake.

Akarudia. Lake tena. Akakumbuka siku alipokuwa akilisafisha lile jino: mfagiaji aliingia, naye akashusha barakoa, akamsengenya Daktari nusu saa nzima juu ya meza ile ile, mate yakiruka. Kumbe mwenyeji wa kwanza wa nchi alikuwa yeye, wa kabila moja na waziri!

Alimpelekea Daktari karatasi ya majibu, akamkuta anajaribu tai.

"Mama, umekuja kunipongeza?"

"Soma."

Daktari akasoma, jasho likamtoka. "Mama yangu, hili likitoka utafukuzwa wewe kwanza. Tuyamalize humu humu. Kesho nakufanya msimamizi wa maabara."

Msimamizi! Cheo hicho alikililia miaka kumi. Alitoka, akaketi na fomu ya makosa. Jina la aliyekosea: akaandika lake. Kosa: kushusha barakoa, mate yakaingia kwenye jino. Kwenye sababu, kalamu ikasita. Angeweza kuandika joto, au uchovu.

Akaandika: wivu. Akatia sahihi, akaibandika mlangoni pa maabara, pale waziri atakapopita kesho.