Nilisoma "hébergeur", nikamufukuza dada yangu

Miye muntu niliyeanza na kinga, baiskeli ya kuuzisha mukate, leo niko na kamiyo ine, malori makubwa, kwenye njia ya Kasumbalesa, ku mupaka ya Zambia, nilikuwa nasema mbele ya bantu: hakuna kintu ya dunia hii inaweza kunishangaza tena. Nilikosa. Tena nilikosa vibaya! Mucheke kama munataka, lakini musome.

Ilikuwa wakati vita ya Est, mashariki ya Kongo, inakula miji, na bakubwa bakafunga réseaux, ile mitandao ya kuongea na bantu, inchi muzima. Bantu bote ya Lubumbashi bakatia VPN ya bule ku simu, ile njia ya pembeni: internet inakuona sawa uko inchi ingine. Miye? Ya bule? Apana! Nilimulipa fundi mumoja, Trésor, akanikodia ordinateur muzima huko Ulaya, VPN yangu peke yangu. Simu yote ya nyumba ikapita mule. Nilivimba! Ku parking niliambia bashoferi: "Nyiye munapita njia ya bantu bote sawa mbuzi. Miye niko na barabara yangu."

Siku zile ndjo dada yangu mudogo, Kavira, alifika kutoka Kivu. Duka yake ilichomwa, bwana yake hakuna anayejua fasi iko. Alikuja na sac moja. Hakukuwa muntu mwingine wa kumupokea, ni miye tu.

Na chef de quartier, mukubwa ya mutaa, alikuwa anapita ku avenue yetu, anasema: "Mwenye kuhéberger mugeni ya Est bila kumutangaza, tutaonana naye!" Kuhéberger, ni kulalisha muntu kwako. Siye bantu ya Kivu, wakati ule hata jina yetu ilikuwa inaangaliwa vibaya. Sikumutangaza Kavira. Niliogopa.

Asubuhi moja nafungua site ya banki nilipe bashoferi. Inanikatalia! Inaandika: "Accès refusé. Votre adresse est celle d'un hébergeur." Ni kusema: umekataliwa, adresse yako ni ya hébergeur.

Mama yangu! Masomo niliachia ku ya ine primaire, lakini adresse najua: avenue na numéro. Hébergeur pia nikafikiri najua: mwenye kulalisha bageni. Nikasema: banajua! Bamefunga makuta, feza yangu yote, juu ya huyu mwanamuke! Nikajaribu site ya pneus, tairi za kamiyo. Refusé. Ya assurance, bima. Refusé!

Nilimukuta anachambua sombe, majani ya muhogo.

"Kavira, kamata sac yako. Toka."

"Yaya, kaka yangu, nimefanya nini?"

"Unataka banimalize? Toka kwangu!"

Bibi yangu, mama ya batoto yangu, akaingilia: "Papa Daniel, internet imemuona wapi? Inapandaka ukuta?"

"Nyamaza! Weye unajua kusoma kupita banki?"

Kavira hakulia. Alipangusa mikono, akasema: "Sawa. Lakini unisindikize hata ku route, Yaya. Sijue njia."

Sikumusindikiza. Nilifunga porte na funguo.

Mangaribi nikaita Trésor nimutukane naye. Alicheka mpaka akaikala chini! "Patron, hébergeur ni kampuni yenye kukodisha ma-ordinateur! Adresse ni ya VPN yako, iko Ulaya. Ma-site ikiona muntu anatoka fasi ile, inafikiri ni mashini, inamufungia." Akazima VPN. Banki ikafunguka. Makuta yangu ilikuwa mule yote, inaniangalia.

Na nyiye benye ma-site, sibaachie! Munamufungia muntu mulango na neno ya bajuaji, munafikiri kila muntu alisoma université? Kama ni mashini munaogopa, muandike mashini! Lakini porte ya nyumba, ni miye niliifunga. Hiyo kosa siwezi kubabebesha nyiye.

Kesho yake jirani akaniambia alimuona Kavira anauliza njia ya mupaka, nilikimbia Kasumbalesa, nikauliza bashoferi kwenye mulolongo ya kamiyo. Mumoja akasema: "Mwanamuke wa sac moja? Amevuka na bacommerçantes, bamama ya biashara, iko Zambia. Tulimuuliza kama iko na ndugu Lubumbashi. Alisema hapana."

Alisema hapana!

Weye unayejisifu sawa miye, nisikie. Site ikikukatalia, zima kwanza VPN yako, uulize mwenye kujua, akucheke tu, kicheko haiue muntu. Usitafute adui ku sahani ya ndugu yako.

Bibi yangu alipata numéro ya Kavira. Nilimutumia dola mia tano, na neno "unisamehe". Jibu haikuja. Makuta ndjo ilirudi, mia tano yote, hakuchukua hata moja. Kwa hiyo, ukihesabu vizuri, dada yangu alinipotea kwa bei ya kutuma tu: dola kumi na moja.