Sista Alivyocheza Ngoma ya Kwao Leo Kasulu

Leo nusura Sista arudi kukaa bila kucheza.

Ilikuwa sikukuu ya mavuno kanisani kwetu. Mahindi, maharage na mikungu ya ndizi vimejaa mbele.

Sista ni mkunga wa zahanati yetu, Mhindi wa Kerala. Alikuwa ameahidi kutuonyesha ngoma ya mavuno ya kwao, yeye na masista wenzake.

Wenzake wakaharibikiwa na gari njiani.

Akasimama uwanjani peke yake, na sari yake nyeupe yenye ukingo wa dhahabu.

"Ngoma hii wanawake huicheza kwa duara," akasema. "Peke yangu siwezi. Mnisamehe."

Akageuka kuondoka. Jamani, ule uso wake.

Ndipo akainuka mama mkwe wangu, ambaye hata harusini huwa hanyanyuki.

"Sista, ngoja. Uliowazalisha wote wapo hapa. Tufundishe."

Tukamiminika. Mimi na mwanangu mgongoni, yule aliyezaliwa damu yangu ikigoma kukata, Sista hakubanduka kitandani kwangu mpaka kukacha.

Piga makofi, inama, zunguka. Tukakosea, tukagongana, tukacheka. Mwishowe duara likaenda.

Sista anaimba, machozi yanamtoka.

"Tangu nije huku nilikuwa naicheza jikoni tu," akaniambia baadaye.

Mama mkwe akamshika mikono. "Mwakoze, Sista. Asante kwa wajukuu."

Kama nawe ulijifungulia mikononi mwake, andika jina la mtoto wako hapa chini. Kesho nina kliniki, nitamsomea yote.